Stellarium kwenye kompyuta ya nyumbani: ipange kwa anga ya Nairobi kwanza

Kwa anayetaka kuijua anga kabla ya kununua darubini, Stellarium, inayochora anga ya nyota kwenye skrini, ndiyo programu ya kuanza nayo. Ni ya bure, kwa hiyo ukiuziwa mjini kwenye flashi ujue umelipia flashi tu. Huja na nyota zaidi ya 600,000 ndani yake, na ukishaipakua, bando likiisha inaendelea kufanya kazi.

Tatizo ni mipangilio inayokuja nayo. Ardhi unayoiona chini ya anga ni ya Guereins, kijiji cha Ufaransa, na mahali ulipo hukisiwa kupitia intaneti. Bonyeza F6, toa tiki ya kuchukua mahali kutoka mtandaoni, chagua Nairobi (1°17′ kusini, 36°49′ mashariki), hakikisha majira ya saa ni Africa/Nairobi, kisha uhifadhi mahali hapo pawe pa kudumu. Tiki hiyo ikibaki, unaweza kujikuta mji mwingine kila unapoifungua. Miti ya Ufaransa ikikukera, kitufe cha G huondoa ardhi yote.

Sasa ijaribu. Fungua F5, weka tarehe 25 Mei, saa 21:00, yaani saa tatu usiku. Ukielekea kusini, Msalaba wa Kusini unapaswa kuwa kama digrii 30 juu ya upeo. Geuka kaskazini: Dubu Mkubwa naye yuko juu, kimo kinachokaribiana na hicho. Kuyaona makundinyota hayo mawili kwa wakati mmoja ni faida ya kukaa karibu na ikweta. Kimoja kikikosekana, rudi F6 au ukague majira ya saa. Kutubu, nyota ya ncha ya kaskazini, usiitafute, kwa Nairobi iko chini ya upeo.

Kosa linalowavunja moyo wengi ni la mwanga. Skrini inaonyesha Njia Nyeupe imetanda, mtu anatoka nje Umoja au Kilimani, anaona nyota za kuhesabika. Ndani ya F4 kuna kipimo cha Bortle cha uchafuzi wa mwanga, kuanzia 1 (giza totoro) hadi 9 (katikati ya jiji). Kiweke 8 kwa mjini, utaona anga ikipungua mpaka ifanane na ya barazani kwako. Kwa safari ya Magadi, mbali na taa za mji, kishushe hadi 3. Mawingu hayamo, hivyo wakati wa masika usiilaumu programu.

Kilicho bora kuliko vyote ni programu-jalizi (nyongeza ya ndani) ya Oculars, inayokuonyesha kile ambacho darubini fulani ingekuonyesha. Nenda F2, sehemu ya programu-jalizi, hakikisha ina tiki ya kupakiwa mwanzoni; ukiitia sasa, funga programu na uifungue upya. Bila hatua hiyo ya mwisho haitokei. Ingiza vipimo vya darubini unayoitamani dukani: tuseme kipenyo milimita 114, urefu wa fokasi 900, lenzi ya jicho ya milimita 9 yenye uwanja wa digrii 50. Ukuzaji ni 900 gawanya kwa 9, mara 100, na unachokiona ni digrii 50 gawanya kwa 100, yaani nusu digrii tu. Chagua Mwezi, bonyeza Ctrl+O: unajaza duara lote. Chagua galaksi ya Andromeda, yenye upana wa digrii 3 hivi, nawe unabaki na kitovu chake. Hilo ni vyema kulijua kabla ya kutoa pesa. Rangi za nebula zinazoonekana humo, hata hivyo, ni za picha za kamera. Jicho kwenye darubini ndogo huona ukungu wa kijivu.

Setilaiti nazo zimo, lakini data zake zihuishwe kila baada ya siku chache, la sivyo kituo cha anga cha kimataifa, ISS, kitapita angani kwa saa tofauti na ile ya skrini.

Laptopu kuukuu za ex-UK mara nyingi hugoma kwa ujumbe wa OpenGL, mfumo wa kuchora picha ambao Stellarium huutegemea. Kwanza sasisha draiva ya grafiki. Ikishindikana, toleo la Windows lililoandikwa Qt5 kwenye ukurasa wa kupakua lina njia ya mkato ya MESA, ambayo huchora kwa prosesa: itafunguka, ila itakwenda kwa kusuasua. Windows 7 nayo inahitaji toleo hilohilo la Qt5.

Stellarium hukuonyesha anga kutoka mahali uliposimama, hata pakiwa Mirihi. Anayetaka kupaa kati ya sayari na kupita kando ya pete za Zohali achukue Celestia, nayo ni ya bure.