Kuungama Arch Street, Boston: kwa Mkatoliki aliyevunjika moyo

Mahali: St. Anthony Shrine, yaani kanisa la Mtakatifu Antoni wa Padua, Arch Street, katikati ya mji wa Boston. Huduma: kitubio na Misa za siku za kazi. Nyota tano.

Tumsifu Yesu Kristo. Kwaresima iliyopita binti wa rafiki yangu, aliyekuja huku kusoma kutoka Morogoro, aliniuliza, "Mama mdogo, baada ya yote waliyoyafanya hawa mapadri walionajisi watoto na maaskofu waliowaficha, wewe unaungamaje?" Nikamwambia vaa koti, twende. Tulipotoka akasema niandike, maana wako wengi wanaojiuliza hivyo hivyo, wananyamaza.

Mimi ni mzaliwa wa Ifakara, hospitali ya Mtakatifu Fransisko, nimekulia mikononi mwa Wakapuchini, watawa wa Mtakatifu Fransisko. Nilipofika Marekani mwaka 1998 nilitafuta kazi kwanza, parokia pili. Paroko alinipokea vizuri. Alijifunza kusema "karibu" ili anisalimie mlangoni, nami kila Pasaka nikawa nampelekea maandazi. Zaidi ya miaka mitatu nilimpigia magoti yule mtu nikamwambia mambo ambayo hata mama yangu hayajui.

Tarehe 6 Januari 2002, Jumapili ya Epifania, gazeti la Boston Globe lilianza kutoa habari za John Geoghan, padri ambaye watu zaidi ya 130 walisema aliwanajisi wakiwa watoto. La kuchoma moyo zaidi ni kwamba wakubwa, askofu mkuu wetu Kardinali Bernard Law akiwemo, walikuwa wanajua. Walimhamisha parokia hii kwenda ile, miaka nenda miaka rudi, na kila alikokwenda alikuta watoto wa watu. Baada yake majina yakafuatana, na wa kwetu akawemo. Jumapili moja tulikuta padri mgeni altareni, akasoma barua fupi kwamba paroko ameondolewa katika utume kwa tuhuma za zamani. Wimbo wa sadaka ukaanzishwa kama kawaida. Bahasha yangu nilikuwa nimeishika mkononi. Nikairudisha kwenye mkoba.

Misa sikuacha. Nilikaa viti vya nyuma, nikapokea amani, nikarudi nyumbani. Lakini kuungama nilishindwa kabisa, miezi kumi na moja. Dhambi nilikuwa nazo, tena na chuki mpya juu ya maaskofu. Ila kila nikikumbuka lile sikio nililoliambia mambo yangu, mwili wote unakataa.

Ijumaa tarehe 13 Desemba 2002 nilikuwa namalizia shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Saa kumi na mbili asubuhi televisheni ya ukumbini ikatangaza kutoka Roma: Kardinali Bernard Law amejiuzulu uaskofu mkuu, na Papa Yohane Paulo II amekubali. Bibi mmoja niliyekuwa namfunga vifungo vya sweta akaanza kulia. Hakusema analia kwa ajili ya nani, nami sikumuuliza. Muuguzi mwenzangu wa Haiti akaniambia nisiende nyumbani na uso ule, nishukie kituo cha treni cha Downtown Crossing, niende kwa Wafransisko wa Arch Street, wao wanaungamisha siku za kazi na hawamwulizi mtu ametoka parokia gani.

Kwa nje hutajua kama ni kanisa mpaka ufike mlangoni. Jengo limebanwa na maduka na maofisi, na watu huliita kanisa la wafanyakazi. Kwenye foleni mbele yangu alikuwepo mlinzi na redio yake kiunoni, mpishi aliyevaa suruali ya jikoni, na mama mmoja mwenye mfuko wa manunuzi. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Pale unaweza kukaa uso kwa uso na padri au nyuma ya wavu. Nilichagua uso kwa uso, kwa sababu nilitaka kumwona anapojibu.

Alikuwa mzee, kanzu ya kahawia. Si Mkapuchini, hawa ni Ndugu Wadogo, tawi jingine la Wafransisko, lakini kamba ni ile ile nyeupe yenye mafundo matatu: ufukara, usafi wa moyo, utii. Wakati nasema alikuwa amelishika fundo la chini kwa kidole gumba, analisugua taratibu, na lilikuwa limeshakuwa jeusi kwa kushikwa. Nilimwambia kwamba nina miezi kumi na moja, na kwamba sijui kama namwamini. Hakuwatetea wakubwa wake hata kwa neno moja. Alisema nina haki ya kukasirika, na kwamba kumkasirikia aliyeumiza mtoto si dhambi ya kuungama. Niungame yaliyo yangu, ya maaskofu niwaachie wayaungame wenyewe. Tena akaniuliza: kuna mtoto yeyote ninayejua yuko hatarini? Kama yupo, nianzie polisi.

Ndipo nikamwuliza lile lililokuwa linaninyima usingizi. Je, maungamo yote niliyoyafanya kwa yule paroko yalikuwa hewa? Akaniambia swali hilo liliulizwa kwanza kwetu, Afrika. Wadonati, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga na Kanisa zamani zile, walidai sakramenti ya padri mwovu haifai kitu, na Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, nchi inayoitwa Algeria leo, akawajibu kwamba sakramenti ni ya Kristo, haiharibiwi na mikono ya anayeitoa. "Umeshasamehewa," akasema. "Huyo ana hesabu yake." Malipizi yangu: kumi moja la rozari kwa ajili ya watoto walioumizwa, nikilisali kwa lugha ya mama yangu. Nililisali kwa Kipogoro, kwenye kiti cha mwisho, huku koti limelowa theluji.

Huduma hii sijawahi kuiona mahali pengine kwa kiwango kile, na nimeitegemea. Mwaka 2004 Kardinali Law alipopewa kusimamia Basilika kubwa la Santa Maria Maggiore kule Roma, nilipanga foleni na hasira ile ile. Mwaka 2018, zilipotoka habari za Kardinali McCarrick aliyetuhumiwa unajisi, na ile ripoti ya Pennsylvania juu ya mapadri walionajisi watoto, nikapanga tena.

Lakini msije mkadhani kitubio kinamaliza kashfa. Hicho ni kwa ajili ya roho yangu. Kusafisha uongozi ni kazi nyingine na inadai watu. Walei, yaani waumini wasio mapadri wala watawa, walioanzisha kikundi cha Voice of the Faithful (Sauti ya Waamini) mwaka 2002, kwenye chumba cha chini cha kanisa la Wellesley, karibu na Boston, walisema tuitunze imani, tulibadilishe Kanisa, na mimi niliona wanasema kweli. Septemba 2003 jimbo la Boston lilikubali kulipa dola milioni 85 kwa watu 552 waliosema wamenajisiwa na mapadri. Nyumba ya askofu mkuu ikauzwa, kisha parokia nyingi zikafungwa. Waumini wa Scituate, mji wa karibu na Boston, walikesha ndani ya kanisa lao kwa zamu toka 2004 hadi 2016, wakikataa lifungwe. Miaka kumi na moja na zaidi! Mtu akiniambia walei hawana uvumilivu, namtajia hao.

Nani asiende? Anayetafuta kwaya, kayamba na vigelegele hatavipata, maana Misa ya mchana ni fupi na watu wanarudi kazini. Anayehitaji kuzungumza kwa muda mrefu aombe miadi, foleni ya kitubio si mahali pake. Na kama ni wewe mwenyewe uliyeumizwa, nakusihi, usianzie kwenye foleni ile. Huna dhambi ya kuungama katika jambo ulilotendewa. Anzia polisi, au kwa daktari, au kwa mtu mmoja unayemwamini, na padri yeyote atakayekuambia utubu kwa hilo, mwache hapo hapo uondoke.

Kufika ni rahisi: treni ya Orange au Red, unashukia Downtown Crossing, unatembea dakika chache. Saa za kitubio hubadilika, kwa hiyo angalia ratiba yao kabla hujatoka.

Yule binti wa Morogoro aliingia akitetemeka kwa sababu ya Kiingereza. Aliniambia kiliendelea vizuri mpaka kwenye sala ya kutubu, kikakwama. Padri akamwashiria aisali anavyoijua. Akaanza, "Mungu wangu, nimetubu sana," akaimaliza yote kwa Kiswahili, na yule padri, ambaye hakuelewa hata neno moja, akainamisha kichwa akamngoja mpaka Amina.