Miche ya nyanya: tuta la uani au trei barazani?

Huku Kampala mvua za kwanza huanza mwezi wa Machi, na mche wa nyanya huhitaji wiki 4 hadi 6 kitaluni kabla ya kuhamishwa. Kwa hiyo mbegu zipandwe kitaluni mwanzoni mwa Februari, jua likiwa bado kali.

Tuta ni rahisi: jembe, samadi iliyooza vizuri, mbegu kwenye mistari kina cha sentimita 1, na nyasi kavu juu yake. Miche mingi inaenea mahali padogo, na udongo haukauki upesi. Tatizo huja siku ya kung'oa. Mizizi hukatika, na mche hukaa siku kadhaa majani yameinama. Kisha kuna kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche mchanga. Mwaka jana niliamka nikakuta mashina yamesinyaa pale yanapogusa udongo, membamba kama uzi, safu nzima imelala. Nilikuwa nimemwagilia mno jioni. Iliniuma sana.

Trei hutenga kila mche, nao hutoka na udongo wake wote. Hata vikopo vya mtindi vilivyotobolewa chini vinafaa. Ila hukauka haraka, lazima uvitazame asubuhi na alasiri.

Mimi nyanya, pilipili na biringanya nazisia kwenye trei, bila kusita. Sukuma wiki ni sugu, tuta linaitosha. Karoti usizihamishe kabisa. Zipande moja kwa moja bustanini, maana mzizi ukipinda, karoti yenyewe ndiyo imepinda.