Sauli njiani Damasko: kwa Luka na kwa Paulo mwenyewe

Kisa kimoja, cha Sauli (ndiye Paulo) kumgeukia Yesu, na wasimulizi wawili. Katika Matendo 9, Luka hakubanii kitu: mwanga, sauti, siku 3 za upofu bila kula wala kunywa, njia iitwayo Nyofu, na Anania, mwanafunzi wa Damasko, anayemwendea shingo upande. (Farasi hayumo, wachoraji ndio waliompandisha Sauli.) Paulo, katika Wagalatia 1, hataji mwanga wala Anania. Anasema tu kwamba Mungu alimdhihirisha Mwanawe ndani yake. Lakini anatupa ambacho Luka hakukigusa: kwenda Arabuni, kurudi Damasko, na baada ya miaka 3, siku 15 kwa Kefa (yaani Petro) mjini Yerusalemu. Kwa utamu wa kisa, nachukua Luka. Kwa mpangilio wa safari, namwamini aliyezisafiri.