Krimu ya klobetasoli: kwa mikono yangu nyota tano, usoni hata nusu sitoi

Hii tyubu ya klobetasoli 0.05% sasa hivi iko kila kona Tanga hii, ukizunguka maduka ya vipodozi ya Ngamiani unaikuta imekaa katikati ya losheni na sabuni kana kwamba na yenyewe ni urembo wa kung'arisha uso, kumbe ni dawa, tena katika steroidi za kupaka, yaani dawa za homoni za kutuliza uvimbe na mwasho, iko kundi la juu kabisa kwa nguvu. Kampuni zinazoitengeneza ni nyingi na maboksi yana rangi za kila aina, kwa hiyo usiangalie picha, geuza boksi usome maandishi madogo, ukikuta neno linaloanza na clobeta au betametha ndo jamii hiyo hiyo.

Mie ni mtu wa saluni. Rilaksa, shampuu, maji kutwa nzima, mikono ikanitoka pumu ya ngozi, vijipele vya maji katikati ya vidole vinawasha usiku mpaka nakosa usingizi, vikipasuka hata kukamua ndimu siwezi. Daktari wa ngozi akaniandikia hii krimu na masharti yake: safu nyembamba, isizidi wiki mbili mfululizo, glovu kazini, na mafuta mazito ya kulainisha kila nikinawa. Kipimo chake ni kidole, unakamua kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka mkunjo wa kwanza, hiyo ni kama nusu gramu na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mwasho ulitulia upesi, vijipele vikakauka, ngozi ikajifunga. Kwa kazi hiyo sina la kuilaumu hata kidogo.

Sasa inafanyaje kazi, na hapa naomba msome taratibu. Steroidi ya namna hii ni homoni, mwili wenyewe unatengeneza ya kwake inaitwa kotisoli, inatoka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, na klobetasoli imetengenezwa maabara kwa kufuata umbo hilo hilo ila nguvu yake ni mara mamia ya haidrokotisoni, ile steroidi nyepesi ya kawaida. Kwa kuwa ni ya jamii ya mafuta inapenya ukuta wa seli bila kizuizi, ndani inaikuta protini inayoipokea, zinashikana, halafu zinaingia pamoja mpaka kwenye kiini cha seli zinakaa juu ya DNA yenyewe. Hapo ndo amri zinatoka, jeni hii iwake, ile izimwe. Zile zinazoita uvimbe na wekundu na mwasho zinazimwa, ndo maana nililala usingizi. Wanasayansi waliogundua homoni hizi na kazi zake, Kendall, Reichstein na Hench, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1950, na kufikia 1952 madaktari walishaanza kuona mafanikio ya kuzipaka kwenye ngozi. Ni dawa kubwa jamani, imeokoa watu wengi.

Ila amri hiyo haichagui seli. Seli za juu zinazojigawa kila siku kuleta ngozi mpya zinaambiwa punguzeni, zinazotengeneza rangi zinaambiwa punguzeni, na zile za chini zinazofuma kolajeni nazo zinapunguza, na kolajeni kwenye ngozi ni zile fito ndani ya nyumba ya udongo, zikiisha ukuta unasimama kwa muda tu. Wiki mbili kwenye kiganja kigumu ngozi inahimili. Miezi usoni haihimili.

Alikuja saluni binti mmoja anaandaliwa harusi, anataka nyusi. Nimevuta uzi mara moja tu ngozi juu ya jicho ikachubuka ikatoa damu. Nikamsogeza dirishani nimwangalie vizuri, mashavu yanang'aa lakini chini yake vimishipa vyekundu vinaonekana kimoja kimoja, kidevuni chunusi ndogo ndogo za saizi moja, nywele laini zimeota pembeni mwa mashavu, na viungo vya vidole vimebaki vyeusi. Akaniuliza, "Dada, mbona mwanzoni niling'aa sana, kila mtu alinisifia?" Nikamwambia mdogo wangu kung'aa kule ndiyo dawa yenyewe ikifanya kazi, inabana mishipa midogo ya damu ngozi inapauka, tena tangu 1962 wataalamu wanapima nguvu ya steroidi kwa kuangalia inavyopausha ngozi. Baadaye mishipa inalegea na kutanuka na hairudi, ngozi iliyoizunguka imeshakonda, inaanza kuonekana kwa nje. Na uso unanyonya kuliko mkono, vipimo vya mwaka 1967 vya haidrokotisoni vilionyesha paji la uso linapitisha kama mara 6 ya mkono, taya kama mara 13. Karibu na macho ndo usiseme, presha ya jicho inaweza kupanda, mtoto wa jicho naye.

Huduma ya duka alikonunua, ambalo silitaji, sifuri. Nilikwenda nikaona kwa macho yangu muuzaji anakamua tyubu moja baada ya nyingine ndani ya kopo la losheni, anakoroga na kijiti, anafunga kifuniko, mteja anapewa bila jina bila tarehe. Nikamuuliza ndani mna nini, akajibu, "Anti, hii ni ya kung'arisha tu, haina madhara." Vipodozi vyenye steroidi, zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na huyu anachanganya mchana kweupe. Iliniuma sana kwa sababu anaowauzia ni mabinti wa miaka ishirini, na michirizi ikishapasuka mapajani na kwapani haiondoki tena.

Famasia ninayochukulia mie ni tofauti, mfamasia anadai cheti, anauliza unapaka wapi, na kuna siku nilimsikia anamkatalia mama aliyetaka ampake mtoto mchanga kwenye nepi, maana pale panafunikwa na dawa inaingia zaidi. Anakataa pia kuwapa wenye mashilingi, na joto letu hili la Tanga wako wengi, kwa sababu steroidi inalaza kinga ya ngozi, mwasho unaisha fangasi wanatanuka kimya kimya mpaka hata lile duara halionekani. Duka kama hili nalipa nyota tano.

Mabibi harusi, singo na liwa na mafuta ya nazi zipo, somo zenu wanazijua. Na kama umeshapaka usoni kwa miezi usiamke leo ukaitupa ghafla, uso unaweza kuwaka moto na kuvimba kuliko mwanzo, na aliyepaka mwili mzima muda mrefu tezi zake za juu ya figo zinaweza kuwa zimelala, akabaki mchovu na kizunguzungu. Nenda hospitali, beba na tyubu au hilo kopo, daktari akushushe taratibu.