CAiMIRA ya CERN: kikokotoo cha hewa ya ofisini, na kinapokwama kwenye joto la Pwani

Machi 2020, UVIKO-19 ulipoenea, maabara ya fizikia ya CERN, iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa karibu na Geneva, iliwarudisha watu wake wengi kufanyia kazi nyumbani, kisha kuanzia Mei ikaanza kuwaita hatua kwa hatua. Lakini karakana haihamishiki nyumbani, wala chumba cha kuongozea mitambo. Kanuni moja ya mita mbili na barakoa nayo haitoshi pale virusi vinapoelea hewani na kujikusanya chumbani kadiri saa zinavyokwenda. Ndipo wataalamu wake walipounda CARA, ambayo baadaye ilipewa jina la CAiMIRA: kikokotoo cha hatari ya maambukizi ya hewani, kwa chumba kimoja kimoja. Ni cha bure na cha chanzo huria, na mwenye ujuzi wa Python (lugha ya kuandikia programu) anaweza kukiendesha kwenye kompyuta yake.

Kwa taasisi ya utafiti, kliniki au ofisi ya Afrika Mashariki inayotaka kupanga nani akae wapi na kwa muda gani, hiki ni chombo cha kuaminika, kwa sharti moja: sehemu ya madirisha isijazwe kama ilivyo.

Fomu iko kwa Kiingereza. Inauliza ujazo wa chumba, idadi ya watu, wangapi kati yao wachukuliwe kuwa wameambukizwa, aina ya kazi, saa za kuingia na kutoka, mapumziko ya chai na chakula, aina ya kirusi, barakoa (ya kawaida ya hospitali au FFP2, inayobana uso na kuchuja zaidi), kichujio cha HEPA, yaani cha kunasa chembe ndogo sana za hewani, kama kipo, na hewa inaingiaje. Jaza saa za kweli. Mapumziko ambayo watu wote wanatoka nje hupunguza hatari kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu hakuna anayeongeza virusi chumbani na vilivyopo vinaendelea kutoka.

Majibu huja kama uwezekano wa mtu mmoja kuambukizwa, makadirio ya maambukizi mapya, na grafu ya jinsi virusi vinavyopanda na kushuka hewani siku nzima. Chini yake kuna ulinganisho: kukiwa na barakoa ingekuwaje, madirisha yakifungwa je. Ulinganisho huo ndio wa kufanyia uamuzi. Ukiona asilimia 6, usiitangaze kuwa hatari ya leo ofisini. Ni hatari *iwapo* mgonjwa uliyemwandika yumo ndani kweli. Tumeona ripoti za kamati za usalama zikilisahau hilo sharti, na wafanyakazi wakaogopeshwa bure.

Sasa madirisha. Kwa dirisha la upande mmoja wa chumba, kikokotoo hakihesabu upepo. Kinahesabu tofauti ya joto kati ya ndani na nje, kwa kuwa hewa yenye joto hupanda na kutokea juu ya dirisha huku ya baridi ikiingilia chini. Geneva wakati wa baridi hesabu hiyo inakaa sawa. Chukua chumba cha mita 5 kwa 5 chenye kimo cha mita 3, na dirisha la kusukuma pembeni la kimo cha mita 1.6 lililofunguliwa sentimita 60. Tofauti ya joto ikiwa nyuzi 10, kanuni inatoa takriban mita za ujazo 515 kwa saa, yaani hewa ya chumba hubadilishwa karibu mara 7. Tofauti ikiwa nyuzi 1, hali ya kawaida Mombasa au Dar es Salaam, inashuka hadi 157, mara 2 tu. Kwa watu sita hiyo ni lita 7 na kidogo kwa sekunde kwa kila mtu, chini ya lita 10 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Wakati huohuo chumba chenye madirisha pande mbili, pepo za Kusi zikivuma, kinaweza kupata hewa nyingi kuliko hiyo mara kadhaa. Na kuna kosa la upande wa pili: wavu wa mbu hupunguza hewa inayopita, na fomu haiuulizii.

Suluhisho ni kupima, na halina gharama kubwa. Tafuta kipimo cha hewa ukaa chenye kihisi cha infraredi (NDIR). Vile vya bei ya chini sana mara nyingi hukisia kutokana na gesi nyingine, havifai. Soma kiwango cha nje kwanza. Watu wakae chumbani hadi kiwango kipande, kisha watoke wote, madirisha yakiwa kama yanavyoachwa siku ya kazi. Washa feni ya dari: haileti hewa safi, ila inaichanganya, na bila mchanganyiko kipimo kitasoma kona moja tu. Mfano, kwa sehemu kwa milioni (ppm): nje 420, ndani 1,600, na baada ya nusu saa 800. Toa 420 kwenye yote mawili, unapata 1,180 na 380. Gawanya, chukua logi asilia ya jibu (1.13), gawanya kwa saa 0.5. Chumba kinabadilisha hewa mara 2.3 kwa saa. Sasa chagua *mechanical ventilation* kwenye fomu, hata kama huna mtambo wowote, na uandike 2.3 penye mabadiliko ya hewa kwa saa. Rudia asubuhi na alasiri, na ikiwezekana wakati wa maleleji upepo unapotulia, kisha tumia namba ndogo kuliko zote.

Kiyoyozi cha ukutani kisikudanganye. Kinazungusha hewa ileile na kuipoza, kwa hiyo si uingizaji hewa. Chumba cha kiyoyozi kilichofungwa madirisha ndicho kibaya kuliko vyote. Maabara nazo zina mtego wake: kabati la kemikali linalotoa hewa nje ya jengo huhesabika likiwa limewashwa, lakini kabati la usalama wa kibiolojia linalorudisha hewa chumbani baada ya kuichuja liandike upande wa HEPA.

Kwa ukumbi mkubwa wenye kona zisizopitisha hewa, kikokotoo kinapendeza kupita kiasi, maana kinachukulia hewa imechanganyika sawasawa. Hapo pima sehemu kadhaa na utumie iliyo mbaya zaidi. Asiyehitaji undani huu ajaribu ARIA ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka Machi 2024 ikiwa imejengwa juu ya kazi hiihii ya CERN. Kwa mwenye vyumba ishirini vya kupangia ratiba, tungebaki na CAiMIRA, na kila ripoti ihifadhiwe pamoja na tarehe ya kipimo cha hewa kilichotumika.