Chanjo ya mkanda wa jeshi (Shingrix), na hii habari ya Alzheimer inayozungumzwa kila mahali

Nyota nne na nusu kati ya tano, na kwa wanaouliza jibu nalitoa mapema, hapana, hii sio chanjo ya Alzheimer, imetengenezwa kuzuia mkanda wa jeshi kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, basi. Ila sitaficha kwamba kilichonisukuma mimi kwenda kuchanjwa ni hizi tafiti za virusi na kumbukumbu, zinazosema huenda chanjo ya mkanda inapunguza demensia (kupotewa na kumbukumbu na akili, ambako Alzheimer ni aina yake kuu), maana mama yangu anaugua Alzheimer, na ukishaulizwa na mzazi wako wewe ni nani, huwezi tena kuzipita habari kama hizi bila kuzisoma mpaka mwisho.

Kwanza kazi yake yenyewe. Ukiugua tetekuwanga utotoni vile virusi haviondoki, vinajificha kwenye neva miaka na miaka, siku kinga ikilegea vinaamka, ndo unapata mkanda wa jeshi, malengelenge upande mmoja wa mwili na maumivu ya kuunguza ambayo kwa wengine yanabaki miezi hata baada ya ngozi kupona. Chanjo ya zamani, Zostavax, ilikuwa dozi moja ya virusi hai vilivyodhoofishwa na kwenye jaribio lake kubwa ilipunguza mkanda kwa kama nusu tu. Shingrix haina virusi hai, ni protini moja ya kirusi pamoja na kichochezi cha kinga kinachoitwa AS01, dozi mbili zinazopishana miezi 2 hadi 6, na kwenye majaribio ilizuia zaidi ya asilimia 90. Hapo sina neno. Mkono unauma, kuna uchovu, kichwa, wengine homa na kutetemeka, kawaida siku 2 au 3 yanaisha, kwa hiyo usijipangie kazi nzito kesho yake na tafadhali usiikimbie dozi ya pili.

Sasa Alzheimer. Wazo la virusi sio la jana jamani. Mwaka 1991 timu ya mtafiti Ruth Itzhaki kule Manchester, Uingereza, ilitangaza kuona DNA ya HSV-1, kirusi kile cha malengelenge ya mdomoni, ndugu wa kile cha mkanda, kwenye ubongo wa wazee waliokufa, na mwaka 1997 wakaonyesha hatari inapanda pale kirusi kinapokutana na mtu mwenye jeni ya APOE4, chembe ya urithi inayoongeza hatari ya Alzheimer. Miaka mingi wengi hawakumtilia maanani, macho yote yalikuwa kwenye amiloidi, ile protini inayoganda kwenye ubongo. Baadae watafiti Robert Moir na Rudolph Tanzi wakaja na hoja ambayo kwangu ndo tamu kuliko zote, kwamba huenda amiloidi yenyewe ni askari, ubongo unaitoa kunasa vijidudu kama wavu unavyonasa samaki, na shida inaanza pale inapotolewa kupita kiasi bila kukoma.

Lakini kilichobadilisha mjadala kabisa ni utafiti wa Wales, kule Uingereza. Shida ya siku zote ya tafiti za chanjo ni kwamba anayekwenda kuchanjwa mara nyingi ndo yule yule anayejitunza, anatembea, anapima presha, sasa akibaki na akili timamu utajuaje ni chanjo? Wales walipoanza kutoa Zostavax tarehe 1 Septemba 2013 waliweka sheria ya umri, aliyezaliwa kabla ya tarehe 2 Septemba 1933 haipati maisha yake yote, aliyezaliwa siku hiyo au baada ya hapo anapata nafasi. Yani watu waliopishana wiki moja tu kuzaliwa, umri ule ule, elimu ile ile, sukari na presha zile zile, upande mmoja karibu hakuna aliyechanjwa na upande wa pili karibu nusu wamechanjwa. Hakuna aliyejichagulia! Wakafuatiliwa miaka 7, na matokeo yaliyotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2025 yakaonyesha waliochanjwa walipata demensia pungufu kwa takriban asilimia 20, na kwa wanawake ndo ilionekana zaidi. Nilisoma ile sehemu ya mbinu mara mbili mbili nikitafuta tundu, ni kazi safi sana kwa kweli.

Ila angalieni, hiyo ilikuwa Zostavax, sio hii niliyochanjwa mimi. Kwa Shingrix kuna kazi ya Oxford ya 2024 iliyotumia rekodi za Marekani, waliopata Shingrix walikaa muda mrefu zaidi bila demensia kuliko waliopata ile ya zamani, tofauti ya siku 164 kwa wastani miongoni mwa waliokuja kuugua. Halafu 2025 watafiti wa huko huko wakaona chanjo nyingine yenye AS01, ya kirusi cha RSV cha mapafu, nayo inaendana na demensia pungufu. Hii inanifanya nisite kidogo kusema virusi vya mkanda ndo mkosaji, inawezekana kabisa ni ule msisimko wa kinga ndo unaofanya kazi bila kujali kirusi gani.

Na wanaokimbilia kumeza dawa za herpesi (virusi vya jamii ya HSV) wasikie hili. Jaribio la valasaiklovia, moja ya dawa hizo, kwa watu wenye dalili za mwanzo za Alzheimer na waliowahi kupata HSV, matokeo yalitolewa 2025, dawa haikusaidia kumbukumbu kuliko vidonge visivyo na dawa ndani. Huenda walichelewa, ubongo ulishaumia, lakini huenda ni jambo jingine, kwa hiyo tafadhali msiwape wazazi wenu hizo dawa kwa sababu hiyo.

Nusu nyota nimeizuia kwa sababu kwenye suala la demensia hakuna jaribio la kupanga watu kwa bahati nasibu lililokwisha kufanyika, yote haya ni rekodi. Pascal Geldsetzer wa Stanford, aliyeongoza kazi ya Wales, amekuwa akitafuta pesa za kulifanya kwa kutumia ile chanjo ya virusi hai, ambayo kibiashara haina tena mvuto. Natamani zipatikane hata kama jibu litakuja kuwa hapana.