INSIDE: mitego inayoua ili ikufundishe

Mtoto mwenye shati jekundu anateleza kwenye miamba, anaangukia msituni, na kuanzia hapo hakuna anayemweleza mchezaji lolote. Hakuna maelezo ya vitufe, hakuna ramani, hakuna mstari wa uhai pembeni ya kioo, wala hakuna mtu anayezungumza na mwenzake mpaka mwisho. Mtoto anakimbia kushoto na kulia, anaruka, anashika. Kijiti kimoja cha padi, kile kidhibiti cha mkononi cha kuchezea, na vitufe viwili vinatosha kulimaliza gemu zima.

INSIDE ni kazi ya Playdead, studio ya Copenhagen, Denmark, iliyopata jina kwa LIMBO mwaka 2010. Hili la pili lilitoka Juni 2016 kwenye Xbox One, mwezi uliofuata kwenye Windows, Agosti kwenye PlayStation 4, kisha iPhone na iPad mwishoni mwa 2017 na Nintendo Switch mwaka 2018. Mwaka 2017 lilichukua tuzo nne za BAFTA, tuzo kubwa za Uingereza za filamu, televisheni na magemu, mojawapo ikiwa ya usanifu wa mchezo. Tuzo hiyo ndiyo inayolistahili kuliko zote. Wengi wanalisifu kwa huzuni yake na kwa mwisho wake wa ajabu, ilhali kilicho bora zaidi ni jinsi kila kizuizi kilivyopimwa.

Mandhari yenyewe ni ya utawala uliooza: malori yaliyojaa watu, walinzi wenye barakoa, na mji wa kijivu ambamo watu wasio na akili zao, misukule kabisa, wanapangwa mstari na kukaguliwa mmoja mmoja. Nani amewafanya hivyo na kwa faida ya nani, mchezo hausemi. Anayetaka kila kitu kifafanuliwe atakasirika, na ana haki yake.

Twende kwenye mitego. Ya kwanza ni mbwa, na ndiyo inayoonyesha akili ya watengenezaji. Mbwa wanakimbia kuliko mtoto, lakini mbio zimepangwa hivi kwamba ukiondoka pale unapowasikia na usisite popote, utafika kwenye ukingo wa kuruka wakati meno yako nyuma ya kisigino. Nafasi haizidi, haipungui. Anayenusurika anajiona amebahatika, kumbe amefanya kile kile kilichotarajiwa. Anayekufa, mara nyingi ni kwa sababu moja kati ya mbili: amesimama kuangalia nyuma, au ameruka kitu kisichohitaji kurukwa. Kuruka kunapoteza mwendo. Gogo dogo au jiwe dogo mtoto hulipita mwenyewe akikimbia. Kitufe cha kuruka kihifadhi kwa ajili ya mashimo na kuta.

Ukifa, kioo kinazima na baada ya sekunde chache umerudi hatua chache kabla ya mtego. Huo ndio ukarimu mkubwa wa gemu hili. Vituo vya kurudia viko karibu karibu, kwa hiyo kifo hakikuondolei chochote ila kinakuonyesha kitu: mashine ina umbali gani, mwanga unageuka baada ya muda gani, maji yana nini ndani. Vifo vyenyewe havipambwi wala kuchekeshwa. Mtoto anang'atwa, anazama au anapasuliwa, kisha kimya. Kwa sababu hiyo si gemu la kumpa mtoto mdogo hata kama mhusika ni mtoto.

Shambani kuna fumbo la nguruwe ambalo huwakwamisha wengi bila sababu. Ana mnyoo unaoning'inia nyuma na anashambulia kwa kukimbia moja kwa moja. Usimkimbie. Simama kati yake na ukuta, mwache aje, mruke anapokaribia, agonge ukuta mwenyewe. Akishagonga vya kutosha analala, na hapo unamwendea kwa nyuma na kuung'oa ule mnyoo. Akitulia, mwili wake ndio ngazi yako: msukume hadi mahali unapotaka kupanda. Vifaranga vilivyo karibu navyo si mapambo. Vinakufuata, na ile mashine inayovuta hewa inavimeza na kuvirusha juu kwa nguvu ya kutosha kuangusha robota la nyasi. Ni katili kidogo, ndiyo, ila viko salama.

Sehemu ya mstari wa ukaguzi mjini ndiyo bora kupita zote katika nusu ya kwanza. Mtoto anaingia katikati ya misukule, mbele ya walinzi na mashine yenye taa. Kanuni ni rahisi kuitaja: wakitembea tembea, wakisimama simama, wakiruka ruka, wakigeuka geuka. Ugumu uko kwenye kidole. Kijiti cha padi kikisukumwa hadi mwisho, mtoto anakimbia badala ya kutembea, na akikimbia anapita mahali pake kwenye mstari. Kisukume nusu, kiachie kidogo kabla ya wenzako kusimama, na mtazame aliye mbele yako, si aliye nyuma. Kwenye kibodi hakuna nusu, kwa hiyo lazima ubonyeze kwa vipande vifupi. Hapa ndipo padi, hata ya bei ndogo, inapojilipa.

Kofia za kuendesha akili zinakuja mapema na hubaki hadi karibu na mwisho. Mtoto anaruka na kuingiza kichwa kwenye kofia inayoning'inia, miguu ikiwa hewani, na mwendo wake wote unahamia kwa msukule aliye upande mwingine. Jambo ambalo wachezaji huchelewa kulitambua ni kwamba anayeendeshwa naye anaweza kuvaa kofia nyingine na kumwendesha wa tatu. Ukijikuta chumba kina kofia mbili na hupati njia, fikiria mnyororo. Baadaye kuna kibao kinachohesabu watu wanaokikanyaga, na kinataka 20. Hapo kosa la kawaida ni haraka: mchezaji anakusanya wengi, anaenda kwenye kibao, anakuta hesabu haijatimia, anarudi kutafuta aliyemwacha nyuma. Kagua kila ghorofa na kila kreti kabla ya kuondoka, na angalia namba kwenye taa badala ya kuhesabu vichwa, maana kundi linajazana na macho yanadanganya.

Maji ndiyo upande dhaifu, ingawa si mbaya. Chombo kidogo cha kuzamia kinaendeshwa vizuri, na kule kusukuma kwa kasi kwa ajili ya kuvunja mbao kuna raha yake. Lakini safari kati ya fumbo na fumbo ni ndefu na ya polepole, na ukikosea unairudia. Kiumbe mwenye nywele ndefu anayeishi humo anaogopa mwanga. Akikukaribia, geuza chombo ili taa imwelekee, atasita. Ukimpa mgongo kwa muda mrefu ndipo anapokuvamia, kwa hiyo safari inakuwa ya vipande: songa mbele, geuka, mmulike, songa tena. Ukiogelea bila chombo, hakuna kipimo cha pumzi kinachoonyeshwa popote; msome mtoto mwenyewe namna anavyoanza kutapatapa.

Halafu kuna mapigo ya mshindo, na hapa INSIDE linafanya jambo ambalo magemu machache yanalithubutu. Kitu kikubwa kwa mbali kinapiga mawimbi ya nguvu kwa mdundo usiobadilika, na kila wimbi linampasua aliye wazi. Unavuka kwa kujificha nyuma ya mabamba ya chuma, mengine yakiwa yanasogea na kugeuka. Aliyeshughulikia sauti, Martin Stig Andersen, aliutengeneza mfumo ili sauti isianze upya mchezaji anapokufa. Mdundo unaendelea juu ya kifo chako, na unaporudi unaukuta bado unapiga bila kukatika. Maana yake kivitendo ni kwamba usirudi ukakimbia papo hapo. Simama nyuma ya bamba la kwanza, sikiliza mapigo mawili au matatu, kisha ondoka mara tu baada ya pigo, si kabla yake. Wanaocheza sauti ikiwa imezimwa hapa huteseka bure. Andersen huyo huyo alipitisha baadhi ya sauti ndani ya fuvu halisi la mtu na kuzirekodi upya, na ukivaa spika za masikioni unaelewa kwa nini alijisumbua: sauti zinaonekana kutoka kichwani mwako, si kwenye chumba.

Zipo siri pia, mipira inayong'aa iliyofichwa njiani. Kila mmoja unazimwa kwa kuung'oa waya wake, na ukiizima yote unafunguliwa mwisho wa pili, ulio mfupi na mchungu kuliko wa kwanza. Kuitafuta hakuhitaji kubahatisha. Fuata nyaya nene zinazotambaa ukutani na ardhini, na kila unapoingia eneo jipya jaribu kwenda kushoto kwanza, maana gemu linakuvuta kulia muda wote. Usijisumbue kuipata yote katika mzunguko wa kwanza. Menyu inakuruhusu kurudi sehemu yoyote uliyokwisha kuifikia.

Sasa upungufu. Gemu linaisha kwa saa tatu hadi nne, na ukishajua mafumbo, mara ya pili ni matembezi. Bei yake ya kawaida kwenye Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, ni dola 19.99, ambayo kwa saa hizo chache ni kubwa. Bahati nzuri punguzo huja mara nyingi na hushuka sana, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipa bei kamili. Pili, si gemu gumu. Anayetafuta mateso ya vidole ya aina ya Super Meat Boy, ambako unarudia chumba kimoja mpaka mkono ukariri, hapa atalala. Mitego ya INSIDE inatisha kuliko inavyodai ustadi. Tatu, fumbo kadhaa za kusukuma masanduku katikati ya safari zipo kwa ajili ya kujaza nafasi tu.

Kwa upande wa mashine, kompyuta ya kawaida inatosha: Windows ya biti 64, RAM ya GB 4, kadi ya picha ya kiwango cha NVIDIA GT 630, na GB 3 za nafasi. Ni mzigo mdogo hata kwa anayepakua kwa bando la simu. Gemu limekusudiwa kwenda fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 kila sekunde. Likianza kukwama kwenye kompyuta mpakato ya zamani, punguza ukubwa wa picha kabla ya kulaumu vidole vyako, kwa sababu kuruka kwa kuchelewa kidogo tu mbele ya mbwa ni kifo. Kwenye runinga, washa hali ya michezo kwenye menyu yake, vinginevyo kitufe kinachelewa kuitika. Mwangaza wa kioo uongeze kidogo pia. Picha nyingi ni kijivu juu ya kijivu, na kwenye kioo hafifu mashimo hayaonekani.

Kwenye iPhone na iPad sehemu ya mwanzo ni bure, kisha unalipia iliyobaki. Vidole kwenye kioo vinafanya kazi vizuri kuliko unavyotarajia, ila pale kwenye mstari wa ukaguzi na kwenye mapigo ya mshindo utatamani padi, na kifaa chako kikikubali padi ya bluetooth, iunganishe. Mwenye Android hana toleo rasmi. Faili za APK, zile za kusakinisha programu kwenye Android, zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram kwa jina hili hazitoki Playdead, na kuziweka kwenye simu yenye M-Pesa ni kujitafutia balaa. LIMBO ndilo lililo halali kwenye Android. Lina mitego mikali zaidi na halihitaji simu ya kifahari.